Msimamizi anataka data ziwe wazi, fomu ya ridhaa inasema zitaharibiwa: nifuate lipi?

Swali

"Ninafundisha uuguzi na wakati huohuo ninasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unalinganisha njia mbili za kufundisha uwekaji wa kanula, ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa. Darasa moja litajifunza kwa mdoli wa mafunzo na kisa cha mgonjwa wa kuigiza, jingine kwa maonyesho ya kawaida ya mwalimu. Wanafunzi wote ni 58. Nitapima maarifa, stadi, kujiamini na kuridhika, mara tu baada ya mafunzo na tena wiki nne baadaye. Pia nitawahoji wanafunzi 12 kuhusu makosa waliyoyafanya au kuyaona wodini. Kamati ya maadili imeshanipitishia, na fomu ya ridhaa inasema data zitaonwa na mtafiti peke yake na zitaharibiwa baada ya miaka mitano. Sasa nimepata msimamizi mpya anayesema nifuate sayansi huria: nisajili mpango kabla, niweke data wazi, nichapishe kwenye jarida huria. Sina fedha za jarida huria. Naogopa wanafunzi wangu watatambulika, naogopa mtu atachukua data zangu achapishe kabla yangu, na naogopa nikishasajili mpango sitaweza kubadilisha chochote. Naanza kukusanya data baada ya wiki tatu. Nifanyeje?"

Jibu

Mwalimu mwenzangu, nimefurahi umeuliza sasa na si baada ya kumaliza kukusanya data, kwa sababu wiki tatu hizo ndizo zitakazoamua karibu kila kitu. Hofu zako ni za haki, na nitazijibu moja moja. Ila kubwa kuliko zote limejificha katikati ya swali lako: ahadi iliyomo kwenye fomu ya ridhaa. Fomu imewaambia wanafunzi kwamba data zitaonwa na wewe peke yako na kwamba zitaharibiwa. Mwanafunzi akishatia saini hapo, huna tena ruhusa ya kuziweka mahali popote, hata ukifuta majina, hata msimamizi akisisitiza. Kwa hiyo, kabla ya kufungua akaunti kwenye tovuti yoyote, shughulikia fomu.

Kwanza tuondoe dhana moja inayowasumbua walimu wengi wa uuguzi, kwamba sayansi huria ni jarida la kulipia pamoja na data kumwagwa mtandaoni. Pendekezo la UNESCO kuhusu Sayansi Huria, lililopitishwa na nchi wanachama 193 mnamo Novemba 2021, linataja machapisho, data, programu za kompyuta na hata zana za kufundishia. Na pendekezo hilohilo linakubali kwamba faragha na usiri wa watu ni sababu halali ya kuzuia baadhi ya vitu visifunguliwe. Watafiti wa Ulaya wana msemo wao: wazi kadiri inavyowezekana, imefungwa kadiri inavyolazimu. Hakuna anayekutaka ufungue vyote. Unachotakiwa ni kuamua kwa kila kitu ulichonacho, useme umeamua nini na kwa nini.

Turudi kwenye fomu. Wiki hii hii iandikie kamati ombi la marekebisho. Wazo la kuharibu data baada ya miaka mitano mara nyingi hunakiliwa kutoka fomu za zamani bila mtu kujiuliza linamlinda nani, kwa hiyo usione aibu kuligusa. Ningependekeza maneno ya namna hii: "Majibu yako ya mtihani na ya dodoso yataondolewa jina, namba ya usajili na kila taarifa inayoweza kukutambulisha. Baada ya hapo yanaweza kuhifadhiwa kwenye hazina ya data ili watafiti wengine wayahakiki au wayatumie kwa utafiti." Chini yake weka visanduku viwili, si kimoja. Cha kwanza: nakubali kushiriki. Cha pili: nakubali majibu yangu yasiyo na utambulisho yahifadhiwe kwa matumizi ya watafiti wengine. Mwanafunzi awe huru kutia alama cha kwanza na kukiacha cha pili, na asiulizwe sababu.

Hapa kuna jambo ambalo watafiti wa fani nyingine hawakutani nalo kama sisi. Wewe ndiye unayesahihisha mitihani ya watu hawa. Ridhaa inayoombwa na mwalimu mwenye kalamu ya alama ni nzito kuikataa. Mwombe mwenzako asiyewafundisha awaeleze utafiti na akusanye fomu, akae nazo, na wewe usijue nani alikubali nini mpaka alama za muhula ziwe zimeshawasilishwa. Iandike hatua hii kwenye ombi lako kwa kamati. Hata kama usingeweka data wazi kabisa, ingekuwa lazima.

Sasa hofu ya kutambulika. Hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na wengi huidharau kwa kudhani kufuta majina kunatosha. Mwaka 2000 Latanya Sweeney alionyesha kwamba vitu vitatu tu, yaani msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, vingetosha kumtofautisha kila mmoja katika asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Hakuna jina hata moja hapo. Utambulisho hutoka kwenye mchanganyiko, na kadiri kundi linavyokuwa dogo ndivyo mchanganyiko unavyokuwa hatari.

Chukua mstari mmoja wa jedwali lako unavyoweza kuonekana: namba 17, mwanamume, miaka 41, darasa B, aliwahi kuwa mhudumu wa afya, alama ya stadi 9 kati ya 30. Kwa mtu wa mbali huyo ni namba 17. Kwa wanafunzi wenzake ni yule kaka mtu mzima anayekaa mbele, na sasa wanajua alifeli kuweka kanula. Katika madarasa mengi ya uuguzi wanaume ni wachache, kwa hiyo hata jinsia peke yake inaweza kumwanika mtu. Dawa yake ni kutoa kwenye nakala ya wazi kila safu ambayo uchambuzi wako hauihitaji. Umri uweke kwa makundi mapana. Jinsia iondoe kama si sehemu ya swali lako. Panga mistari upya kwa nasibu ili isifuate orodha ya mahudhurio, na upe namba mpya zisizohusiana na namba za shule. Kisha hesabu: kwa kila mchanganyiko wa sifa uliobaki, kuna watu wangapi? Ukiona kuna mmoja au wawili, unganisha makundi au futa safu nyingine. Ukimaliza, mpe jedwali mwalimu mwenzako anayelifahamu darasa na umwambie ajaribu kumtafuta mtu. Akimpata hata mmoja, halijawa tayari.

Mahojiano 12 ni habari tofauti kabisa, na ushauri wangu hapa hauna mzunguko: usiyaweke wazi. Mwanafunzi anayesimulia kosa la dawa wodini anamtaja pia mgonjwa, muuguzi wa zamu, pengine na daktari, na hao hawakutia saini popote. Ukifuta majina, kisa chenyewe kinabaki kuwa utambulisho kwa yeyote aliyekuwepo siku ile. Ukifuta kisa, umebaki na maandishi yasiyo na maana. Lakini kuyafunga mahojiano hakukufanyi uwe msiri. Weka wazi mwongozo wa maswali, orodha ya misimbo (alama fupi ulizovipa vipande vya maelezo yao) pamoja na maana ya kila msimbo, maelezo ya jinsi mada zilivyojengwa, na dondoo fupi ulizozichuja. Tumia pia mwongozo wa COREQ wa mwaka 2007, wenye vipengele 32 vya kuripoti utafiti wa mahojiano. Unamlazimisha mtafiti kusema yeye ni nani kwa wahojiwa wake, na kwako wewe, mwalimu unayewahoji wanafunzi wako, hicho ndicho msomaji atakachotaka kujua kwanza. Huenda mwenyewe ukaamua mtu mwingine awahoji.

Kuhusu kusajili mpango kabla, umeogopa kufungwa. Nikueleze kwanza kazi yake, kisha utaona mbona si pingu.

Una vipimo vinne, na kila kimoja utakipima mara mbili. Hizo ni tofauti nane za kulinganisha. Tukubaliane kwa dakika moja kwamba mdoli na maonyesho ya mwalimu havitofautiani hata kidogo. Ukitumia kiwango cha kawaida cha asilimia 5, kila jaribio lina nafasi ya asilimia 5 ya kukuonyesha tofauti isiyokuwepo. Kwa majaribio manane yasiyotegemeana, nafasi ya kupata angalau tofauti moja ya uongo inafika karibu asilimia 34. Vipimo vyako vinategemeana kiasi, kwa hiyo nafasi itakuwa chini ya hapo, lakini haitarudi kwenye 5. Ongeza na maamuzi mengine madogo: aliyekosa kipimo cha pili umtoe au umbakishe? Aliyewahi kufanya kazi ya afya umhesabu? Kila uamuzi unaofanywa baada ya kuyaona matokeo unafungua mlango mwingine. Hakuna anayedanganya hapo. Mtu anaona kujiamini kumepanda, stadi hazikubadilika, na bila hila yoyote anaandika makala kuhusu kujiamini kana kwamba ndicho alichokitafuta tangu mwanzo.

Matokeo ya mazoea haya yalionekana hadharani mwaka 2015, wanasaikolojia waliporudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa. Katika zile za mwanzo, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu. Zilipofanywa upya, ni asilimia 36 tu. Zile zilikuwa tafiti za saikolojia, si za kufundisha uuguzi, lakini mitego ni ileile: sampuli ndogo, vipimo vingi, na majarida yanayopenda habari njema. Kwetu uzito unaongezeka, kwa sababu mwalimu mwingine atabadilisha mtaala kwa kukuamini, na mwisho wa mtaala kuna mkono wa mgonjwa unaochomwa sindano.

Kusajili ni kuandika uamuzi wako kabla hujaona data, mahali penye muhuri wa tarehe usioweza kubadilishwa. Sentensi ya kusajili si "tutachunguza athari za uigaji kwa wanafunzi." Iwe hivi: "Kipimo kikuu ni alama ya orodha ya kukagua hatua za kuweka kanula, kati ya 0 na 30, wiki nne baada ya mafunzo, inayotolewa na msahihishaji asiyejua mwanafunzi ametoka darasa lipi. Vipimo vingine vyote ni vya ziada. Mwanafunzi aliyekosa kipimo cha wiki nne ataripotiwa lakini hataingia kwenye ulinganisho mkuu." Mtu akisoma hapo anajua utafanya nini na hutafanya nini. Nimechagua stadi za wiki nne kwa makusudi, maana kuridhika na kujiamini hupanda karibu kwa kila mbinu mpya wanafunzi wanayoifurahia, na havikuambii kama mkono umejifunza.

Je, unaweza kubadilisha? Ndiyo. Mdoli akiharibika, nusu ya darasa ikihamishwa kwenda wodini, badilisha, andika tarehe na sababu, na utaje kwenye makala. Ukigundua jambo ambalo hukulitarajia, liripoti pia, chini ya kichwa kinachosema kwamba ni uchunguzi wa ziada. Kilichokatazwa ni kulivalisha gunduzi la bahati nguo za utabiri.

Mahali pa kusajili ni pengi na hapana malipo. Kwa utafiti wako ningetumia tovuti ya Open Science Framework, maarufu kwa OSF, inayokuruhusu kuuficha usajili kwa muda usiozidi miaka minne huku tarehe yake ikibaki. Usiende PROSPERO. Hiyo ni ya mapitio ya kimfumo, yaani kazi za kukusanya na kuchambua tafiti zilizokwisha kufanywa, yenye matokeo ya kiafya, na mapitio mengi ya elimu ya uuguzi hayakidhi sharti hilo. Kama siku moja utapima matokeo kwa wagonjwa wenyewe, mathalani uvimbe wa mishipa baada ya kanula, hapo itabidi usajili kwenye daftari rasmi la majaribio ya kitabibu kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza. Wahariri wa majarida ya tiba wamekuwa wakilidai hilo tangu mwaka 2005.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Ili kuigundua tofauti ya wastani, yaani nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona kama ipo kweli, unahitaji takriban wanafunzi 64 kwa kila kundi. Wewe unao 58 kwa jumla. Tena umegawa kwa madarasa, si kwa mwanafunzi mmoja mmoja, hivyo kama darasa A lina mwalimu bora wa wodini, huwezi kumtenganisha na mdoli. Uwazi hautibu udhaifu huu. Ila kama ratiba inaruhusu kuwagawa kwa nasibu ndani ya kila darasa, fanya hivyo, na uiweke kwenye ombi lilelile la marekebisho. Na kama kuna vyuo viwili vitatu vinavyofundisha stadi hiyohiyo, itifaki yako iliyo wazi inawawezesha kurudia utafiti uleule neno kwa neno, kisha data zikaunganishwa. Kwa mimi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya sayansi huria kwenye elimu yetu, kwa sababu madarasa yetu ni madogo na kila mtu anafanya kautafiti kake peke yake.

Hofu ya kuibiwa data ina jibu fupi. Huhitaji kuziweka wazi siku unapomaliza kuzikusanya. Ziweke siku makala inapotoka. Usajili wenye tarehe, na kitambulisho cha kudumu cha DOI ambacho hazina ya mtandaoni kama Zenodo hukupa bure, ni ushahidi kwamba kazi ni yako. Ukiweka leseni ya CC BY, anayezitumia analazimika kukutaja. Kwa kweli, data za wanafunzi 58 ambazo hazijulikani zilipatikanaje hazina mvuto kwa mwizi kama unavyodhani.

Kuhusu fedha, msimamizi wako akisema jarida huria, muulize anakusudia njia ipi. Ipo ya mwandishi kulipa, ambayo huweza kufika maelfu ya dola. Yapo majarida huria yasiyomtoza mwandishi chochote, na katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria, ndiyo yaliyo mengi. Na ipo njia ambayo wengi hatuitumii: unachapisha kwenye jarida la kawaida bila kulipa, kisha unaweka nakala iliyokubaliwa, ile ya Word kabla ya kupangwa kurasa, kwenye hazina ya chuo chako. Majarida mengi yanaruhusu, baadhi baada ya kusubiri miezi 12 au zaidi, kwa hiyo soma masharti kabla ya kutuma makala. Ukitaka kuonyesha kazi mapema zaidi, medRxiv, tovuti ya makala ambazo bado hazijapitiwa na jarida, iliyoanza mwaka 2019, ina sehemu ya uuguzi na ya elimu ya kitabibu. Hakikisha kwanza kwamba jarida unalolilenga linakubali makala zilizokwisha kuwekwa huko. Barua pepe zinazokusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano zifute. Maswali ya ukaguzi ya Think. Check. Submit. yatakusaidia kupambanua zile zenye utata.

Vitu viwili usivifungue hata kama vinaonekana havina madhara. Dodoso la kujiamini, kama si la kwako, pengine lina hakimiliki. Omba ruhusa, na ukinyimwa, taja jina lake na mahali linapopatikana. Na maswali ya mtihani wa maarifa, kama bado yamo kwenye benki ya maswali ya chuo, ukiyaweka mtandaoni umeua mtihani. Weka jedwali linaloonyesha kila swali linapima nini, basi. Lakini orodha ya kukagua hatua, kisa cha mgonjwa wa kuigiza, maelekezo kwa mwigizaji na faili la uchambuzi ulilolifanya kwa programu za takwimu kama jamovi au R, hivyo vyote vifungue. Ndivyo mwalimu mwingine atakavyovipakua na kuvitumia kesho darasani.

Sasa kama kamati haitajibu ndani ya wiki tatu? Una njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni kuahirisha, na kama muhula unakuruhusu ningeichagua hiyo. Ya pili ni kuanza na fomu ya zamani, ukazifunga data kama ulivyoahidi, ukafungua mpango, vifaa na uchambuzi. Kwenye makala utaandika kwamba data haziwezi kutolewa kwa sababu washiriki hawakuridhia. Mhariri mwenye akili atalielewa hilo. Njia ya tatu, ya kukusanya kwa fomu ya zamani kisha kuwaza namna ya kuzifungua, usiifuate.

Mambo mengine hayaamuliwi kwa maandishi ya mbali kama haya. Mpango wa takwimu, hasa ukibaki na mgawanyo wa madarasa mazima, keti na mtakwimu kabla hujasajili. Sheria ya ulinzi wa data ya nchi yako na kanuni za chuo zinaweza kuwa kali kuliko nilivyoeleza, na anayezijua ni ofisa wa data au katibu wa kamati. Mkutubi wa chuo atakuambia kama mnayo hazina na mikataba ya kufutiwa ada. Ikitokea jedwali limeshawekwa mtandaoni na mwanafunzi akasema amejitambua, liondoe siku hiyohiyo na uipigie kamati simu kabla ya kufanya jingine lolote.

Na msimamizi akiendelea kudai data ziwe wazi chini ya fomu ya zamani, usibishane naye peke yako kwenye baruapepe. Omba kikao cha watu watatu, wewe, yeye na katibu wa kamati, mkiwa na fomu hiyo mezani.